Umeme si upo?

Mkono wa kulia ulikuwa juu ya mashine ya kufulia, wa kushoto ukafungua bomba la sinki, na hapo hapo kitu kikapanda hadi kwenye kiwiko, kama siafu wanaokimbia chini ya ngozi. Nikatoa mkono, nikacheka, kisha nikaurudisha palepale kuhakikisha. Hilo la kuurudisha sijivunii. Siafu wakarudi.

Fundi wangu wa umeme nimemzoea kiasi cha kumpigia simu usiku. Alinisikiliza, akauliza swali moja tu: “Na jokofu nalo?” Nikaenda kugusa jokofu kwa mgongo wa kidole, mkono mwingine kwenye bomba. Nalo. “Dada, chomoa plagi zote za vitu vya chuma. Mashine zako ni nzima, ila nadhani huna ethi.”

Sikumwelewa. Taa zote zilikuwa zinawaka, kompyuta ilikuwa inachaji, mashine yenyewe ilikuwa katikati ya kukamua nguo. Miezi minne iliyofuata nilikuja kuelewa kwamba hapo ndipo penyewe. Laivu, waya unaoleta umeme, ikikatika unajua, nyumba inakuwa giza. Nyutro, waya unaourudisha, ikikatika unajua pia, wakati mwingine kwa moshi. Waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliopotea njia, ukikatika hakuna kinachobadilika. Unaweza kuishi nao umekatika mwaka mzima, ukapokea wageni, ukapaka rangi kuta, na nyumba ikaonekana nyumba.

Asubuhi alikuja na kipimo chake, siyo ile bisibisi ya testa yenye taa ndogo ndani bali kile kiboksi kinachopima mzunguko mzima wa hitilafu: kutoka kwenye transfoma kwa njia ya laivu, kisha kurudi kwenye transfoma kwa njia ya ethi. Alizima meni swichi, akaufungua waya wa ethi unaotoka upande wa kampuni ya umeme ili mabomba na vitu vingine vya nyumba visimdanganye, akapima hapo peke yake. Kioo kikaandika kwamba kimevuka kiwango. Hakukuwa na njia ya kurudi kabisa.

Basi zile siafu zilitoka wapi kama mashine ni nzima? Nilipenda maelezo yake, nikayahakiki baadaye na kukuta ni kweli. Mashine za siku hizi zina kichujio kwenye njia ya umeme, na ndani ya kichujio mna kapasita mbili ndogo, moja kutoka laivu kwenda kwenye bodi ya chuma, nyingine kutoka nyutro kwenda kwenye bodi hiyohiyo. Bodi ikiwa na ethi, kinachopita hapo ni kidogo na kinaishia ardhini kimya. Ethi ikiondoka, bodi inaning’inia katikati ya laivu na nyutro, kwenye nusu ya volti 230 hivi. Mkondo unaopatikana ni mdogo, lakini kila kifaa kilichochomekwa kinachangia chake kwenye waya uleule wa ethi usiokwenda popote. Kwa hiyo nilichogusa ni mchango wa nyumba nzima.

Marehemu Charles Dalziel, aliyekuwa profesa kule Berkeley, California, alitumia miaka mingi kupima ni mkondo kiasi gani unaomfanya mtu ashindwe kufungua vidole na kuachia alichoshika. Wastani wake kwa wanaume ulikuwa miliampea 16, kwa wanawake 10.5. Siafu wangu walikuwa chini ya hapo. Lakini siku waya wa laivu ungegusa bodi ya mashine kwa ndani, mambo yasingekuwa ya siafu tena. Bodi ingekuwa laivu kamili, saketi breka isingejua lolote, na mtu wa kwanza kufungua bomba ndiye angekuwa ethi.

Sasa suala la nani atengeneze. Nyumba yangu inapata umeme kwa kebo ya zamani inayopita chini ya ardhi: nyaya za shaba zilizofungwa karatasi yenye mafuta, juu yake ganda la madini ya risasi, juu ya risasi utepe wa chuma, na juu kabisa gunia lililolowekwa lami. Ganda la risasi ndilo ethi. Hakuna waya mwingine. Pale kebo inapoingia chini ya katauti, kile kiboksi cheusi chenye fyuzi kubwa na sili, palikuwa na waya uliochomelewa kwenye risasi miaka ambayo mimi sijazaliwa. Uchomeleaji ule ulikuwa umeachia. Ukiutazama ulionekana umeshika. Ukiugusa unacheza kama jino la mtoto.

Yote hayo ni mali ya kampuni. Fundi wangu haruhusiwi kuweka spana hapo. Alinitajia cha kusema kwenye simu na nikakisema neno kwa neno: ethi ya upande wenu imekatika, vitu vya chuma vinapiga shoti.

Sifa zao niwape: walifika jioni hiyohiyo. Vijana wawili, wana haraka, wamechoka, na gari likiunguruma nje. Mmoja alishika tochi, mwingine akavaa glavu, akatoa klampu kwenye mfuko, akaifunga kwenye kebo, akaufunga waya kwenye klampu. Dakika kumi na tano. Akachomeka testa kwenye soketi ya ukumbini, ikawaka. Nikamuuliza kama hapimi na kitu kingine.

“Dada, umeme si upo?”

“Upo. Ulikuwepo tangu mwanzo. Tatizo ni—”

“Basi. Imepona hiyo.”

Nikasaini kwenye simu yake kwa kidole. Sijui nilisaini nini.

Kesho yake fundi wangu alipima tena. Omu 11, omu ikiwa ndiyo kipimo cha jinsi njia inavyouzuia umeme. Akaugusa waya kidogo kwa ncha ya kidole: 0.9. Akaugusa tena: kimevuka kiwango. Akalala chali chini ya ubao wa mita na tochi mdomoni, akakaa hapo muda, kisha akaanza kucheka bila furaha. Klampu ilikuwa imefungwa juu ya lami. Yule kijana hakukwangua chochote. Chuma kilikuwa kimekumbatia gunia, na kilichogusa risasi ni meno mawili ya klampu yaliyopenya kwa bahati.

Kwa Kiswahili chetu kazi ya namna hiyo imelipuliwa, na sijui lugha nyingine yenye neno linalokaa vizuri hivyo. Anayelipua kazi si lazima awe hajui. Mara nyingi anajua sana, ndiyo maana anajua pia ni hatua gani anaweza kuruka bila mwenye nyumba kuona.

Nilimwomba fundi wangu anionyeshe kwa hesabu ubaya wa hiyo 11, maana masikioni 11 ni namba ndogo. Volti 230 gawanya kwa 11 ni ampea 21. Saketi ya soketi zangu ina breka ya ampea 32. Laivu ikigusa bodi ya mashine, ampea 21 zitapita kwenda ardhini na breka itaziona kama mtu anayetumia umeme wake kihalali. Haitakata leo wala kesho. Na zile ampea 21 zikipita kwenye mguso mbovu wa klampu, zinaacha joto la karibu kilowati 5 palepale, chini ya ubao wa mbao, kwenye gunia lenye lami. Ili breka ya aina ile iruke papo hapo bila shaka inataka mara tano ya kiwango chake, yaani ampea 160, na hizo hazipatikani mpaka mzunguko wote uwe chini ya omu 1.44. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60364 kinataka saketi za kawaida za soketi za volti 230, kwa mfumo wa ethi kama wangu, zikatike ndani ya sekunde 0.4. Yangu isingekatika kamwe.

Kwenye simu nikaambiwa rekodi zinaonyesha kazi imekamilika.

Nikasema kazi haijakamilika. Nikaulizwa kama umeme upo.

Hapo nilianza kuwa mtu wa daftari. Tarehe, saa, jina la kwanza la aliyepokea, alichosema. Nilituma picha ya klampu na lami yake, na picha ya kipimo. Siku sita baadaye akaja mzee mmoja peke yake, mtaratibu, mwenye kisanduku cha zana kilichopangwa kama vyombo vya daktari, na moyo wangu ukatulia nilipomwona tu. Aliikata lami kwa kisu bila kugusa risasi, akaipangusa kwa kitambaa, akaikwangua taratibu mpaka ikang’aa. “Aliyefanya hivi,” akasema huku akiirusha klampu ya kwanza ndani ya ndoo, “aliogopa kuchafuka.”

Kisha akaifunga mpya, akaikaza kwa spana. Akakaza tena. Halafu akakaza kwa namna ile ya kushusha bega, na nikaona klampu inazama kwenye kebo. Kwangu mimi ilikuwa ishara ya uimara. Fundi wangu alipima jioni: 0.4. Thabiti, hata ukiutikisa waya. Nikamwandikia mzee yule ujumbe wa shukrani kupitia kampuni.

Risasi si shaba. Ni laini, na ina tabia ambayo waliojenga kebo zile waliijua vizuri: ukiibana inakimbia. Haikimbii kwa siku moja. Inatambaa kidogo kidogo, kwenye joto la kawaida la chumba, mpaka kile kilichokuwa kimebanwa kinabaki kimeshikwa tu. Ndiyo maana kuna klampu za springi kwa kazi hii, zinazoifuata risasi inapotambaa bila kuiminya kupita kiasi. Mzee hakutumia ya namna hiyo. Alitumia ya kawaida na nguvu za bega lake. Mwezi mmoja baadaye kipimo kilisoma 3.2. Na chini ya klampu, pale ilipozama, palikuwa na doa jeusi linalonata kama jasho. Mafuta ya karatasi. Ganda lilikuwa limepasuka.

Bado namtetea yule mzee kidogo moyoni. Alichofanya kilifanywa kwa nia, kwa mikono safi, na nusu ya kwanza ya kazi yake ilikuwa nzuri kuliko yote niliyoiona. Ila ganda lililopasuka linaingiza unyevu, na karatasi iliyokunywa maji haizuii umeme. Tatizo la waya mmoja uliolegea, ambalo lingehitaji klampu sahihi, sasa lilikuwa tatizo la kebo nzima.

Fundi wangu akasema hatusubiri tena. Akapigilia fimbo ya shaba ardhini nyuma ya nyumba, mita moja na robo hivi, akautenga waya wa kampuni, akaunganisha nyumba kwenye fimbo. Kipimo cha fimbo kilikuwa omu 74, na mimi nikashtuka, maana tulikuwa tunapigana kwa ajili ya 11. Lakini safari hii aliweka na RCD ya miliampea 30, ile swichi inayolinganisha mkondo unaotoka na unaorudi na kukata tofauti inapozidi. Yenyewe haihitaji ampea 160. Inahitaji vipande thelathini tu vya ampea moja iliyogawanywa mara elfu, na omu 74 zinaviachia vipite bila shida. Ufaransa, Italia na Japani nyumba nyingi zinaishi hivyo kila siku, kwa ethi ya fimbo yao wenyewe. Hasara yake ni kwamba udongo ukikauka namba inapanda, na kwamba maisha yako yote yanaegemea swichi moja yenye springi ndogo ndani. Kwa nini nyumba yangu haikuwa na RCD tangu zamani ni swali zuri, na jibu lake linanihusu mimi na uvivu wangu.

Kampuni ilikuja mara ya tatu. Kijana mwingine, mchangamfu, mwenye tabasamu. Alitazama doa la mafuta, akapiga mluzi, akasema hakuna haja ya kuisumbua risasi tena. Akafungua katauti, akachukua kipande cha waya wa kijani chenye mistari ya njano, kifupi kama kiganja, akaunganisha nyutro na kituo cha ethi. Akafunga. Safari hii alikuwa na kipimo halisi, akapima mbele yangu: 0.18. Ndiyo namba nzuri kuliko zote katika hadithi hii.

Nilifurahi. Fundi wangu alipofika alitazama kile kipande cha waya na akakataa kabisa kuirudisha nyumba kwenye ethi hiyo.

Tuligombana, nakiri. Nilikuwa nimechoka na simu, nimechoka na watu wanaoingia na viatu, na hatimaye nilikuwa na namba. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba namba ndiyo shahidi, sasa anaikataa? Akakaa kwenye ngazi na kunichorea nyuma ya bahasha.

Kutumia nyutro kama ethi si kosa lenyewe. Ni mfumo unaojulikana, una herufi zake, TN-C-S, na mamilioni ya nyumba zinautumia. Lakini una masharti. Laini yenyewe lazima nyutro yake iwe imefungwa ardhini sehemu nyingi njiani, na ndani ya nyumba mabomba ya chuma yanayoingia kutoka nje lazima yafungwe kwenye ethi kwa waya mnene. Uingereza, kwa mfano, haishuki chini ya milimita za mraba 10 za shaba. Sababu ni siku nyutro itakapokatika huko barabarani. Mkondo wa nyumba hauwezi kurudi kwa njia yake, kwa hiyo unapita kwenye kile kipande cha waya na kuingia kwenye kila kitu cha chuma ulicho nacho. Jokofu linakuwa na volti za laivu bila hitilafu yoyote ndani yake. Ukizima breka ya jokofu, bado. Ukichomoa kila kitu kingine isipokuwa taa moja, bado. Na RCD niliyoinunua kwa mbwembwe haina la kufanya, kwa sababu yenyewe haikati waya wa ethi, na hatari sasa inaingia kwa mlango huohuo wa ethi.

“Hii 0.18,” akasema, “imepima nyutro. Nyutro yako ni nzima, hongera. Imeniambia nini kuhusu laini iliyoko nje?”

Mabomba yangu hayakuwa yamefungwa popote. Kijana mwenye tabasamu hakuuliza. Na kipande chake cha waya, fundi wangu alipokipima kwa macho, kilikuwa milimita za mraba 4.

Niliandika barua, safari hii siyo malalamiko ya jumla bali swali moja: je, nyutro ya laini hii imefungwa ardhini njiani, ndiyo au hapana, na nani anatia saini? Nadhani ndicho kitu cha maana pekee nilichokifanya katika mambo haya yote. Malalamiko yanapokelewa na mtu wa simu. Swali lenye nafasi ya saini linapanda ngazi mpaka limfikie mtu anayeogopa kulijibu vibaya. Siku ya tatu msimamizi alikuja mwenyewe, akavua kofia mlangoni, akafungua katauti na kukiondoa kile kipande cha waya bila kusema neno. Alipomaliza alisema tu, “Mama, laini hii siyo ya hivyo.” Kutoka dada mpaka mama, ndani ya miezi minne.

Wakachimba. Shimo la mita moja na nusu nje ya ukuta, wakaifikia kebo pale ilipokuwa bado nzima, wakaikata, na kipande chote cha mwisho mpaka kwenye mita wakakibadilisha kwa kebo ya plastiki yenye waya wake wa ethi. Kazi ya kuunganisha ya zamani na mpya ilifanywa na dada mmoja aliyepiga magoti kwenye udongo muda wa saa tatu hivi. Nilimtazama kutoka dirishani kama mtu anayetazama mpira. Alivua lami hatua kwa hatua. Alipangusa risasi, akaikwangua, akaipangusa tena, akafunga utepe wa shaba unaolizunguka ganda, akauvuta kwa mkono kuujaribu, akafungua akafunga upya kwa sababu hakuupenda. Kisha akalifunika ungio kwa boksi lake na kulimiminia utomvu. Alipoingia ndani alipima mara mbili, akanigeuzia kioo nisome mwenyewe: 0.31. Akaandika namba hiyo kwenye karatasi, aina ya mfumo, tarehe, saini yake, akaibandika ndani ya mlango wa boksi la mita.

Fundi wangu alipokuja alisoma karatasi kwanza, kisha akapima ya kwake. 0.32. Akafunga mabomba kwenye ethi kwa waya wa milimita za mraba 10, ambao tulipaswa kuwa nao tangu zamani, akang’oa fimbo, RCD akaiacha. Nikawasha mashine ya kufulia, nikaweka mkono wa kulia juu yake na wa kushoto kwenye bomba, nikakaa hivyo mpaka akaniuliza nasubiri nini.

Shimo walikuja kulifukia watu wengine siku nne baadaye, wakati sipo. Hawakushindilia udongo. Umeshaanza kubonyea.